Kobe wa Funguo: Jinsi ya Kufinyanga Kipambo cha Udongo wa Polima Kinachodumu

Kipambo cha funguo kina maisha magumu. Kinagongana na vyuma kutwa nzima, kinabanwa mfukoni pamoja na simu na sarafu, kinaangushwa sakafuni, na mwenyewe bado anataka kibaki na sura yake. Kwa sababu hiyo, mtu anayeanza kufinyanga wanyama wadogo kwa udongo wa polima namshauri aanze na kobe. Twiga anapendeza sana, lakini shingo na miguu yake havitadumu kwenye funguo. Masikio ya sungura nayo ni hivyo hivyo. Kobe mwili wake umefungamana: miguu ni mifupi na minene, shingo inaweza kuegemea ukingo wa gamba, na hakuna kiungo kinachochomoza mahali pa kunaswa.

Kobe tutakayemfuata ni yule mkubwa wa Aldabra, ambaye wengi wamemwona katika kisiwa cha Changuu, mkabala na Mji Mkongwe wa Zanzibar. Wa kwanza waliletwa pale mwaka 1919 kutoka Shelisheli, wakiwa zawadi ya gavana Mwingereza wa visiwa hivyo. Kama umewahi kufika, utakumbuka gamba lake lilivyo juu, rangi yake ya kijivu iliyoelekea kahawia, na ngozi ya shingo yenye mikunjo. Hayo matatu yakitokea, mtu yeyote atamtambua hata akiwa na urefu wa sentimita tatu tu.

Udongo wenyewe

Unaitwa udongo, lakini hauchimbwi popote. Ni unga wa plastiki aina ya PVC, jamii ya plastiki ya mabomba ya maji, uliochanganywa na kilainishi cha majimaji pamoja na rangi. Haukauki kwa hewa. Ukipata joto linalofaa, chembe za plastiki hunyonya kilainishi, huvimba na kushikana zikawa kitu kimoja. Liweke akilini jambo hilo, maana karibu kila kipambo kinachovunjika mapema kilivunjikia ndani ya oveni: hakikupata joto la kutosha, au hakikupata muda wa kutosha.

Dukani angalia pakiti. Ikiwa imeandikwa nyuzi joto na dakika za kuoka, ndio wenyewe. Ikiwa imeandikwa kwamba unakauka kwa hewa, huo ni udongo mwingine na hautafaa kwa funguo. Plastisini ya watoto nayo haigandi kamwe. Majina utakayokutana nayo mara nyingi ni Fimo ya Ujerumani, Premo na Sculpey za Marekani, na Cernit ya Ubelgiji. Fimo ilipitia mikononi mwa binti wa Käthe Kruse, mtengenezaji mashuhuri wa wanasesere, kabla ya kampuni ya Eberhard Faber kuichukua miaka ya 1960. Kwa kipambo cha funguo chagua Premo, Fimo Professional au Cernit, kwa sababu zikiiva vizuri hupinda kidogo kabla ya kukatika. Zile laini mno zinazolengwa kwa watoto hukandika upesi, ila sehemu nyembamba hukatika kirahisi.

Pakiti ya kawaida ina gramu 57 hivi, na kobe mmoja hatumii zaidi ya gramu 10. Unahitaji rangi tatu tu: kahawia, nyeupe na nyeusi. Rangi nyingine utazipata kwa kuchanganya.

Vifaa vingi vimo nyumbani. Tafuta kigae cha ukutani chenye uso laini, cha kufanyia kazi na kuokea. Tafuta pia wembe, sindano nene, kijiti cha kuchokolea meno, chupa ya kioo ya kusukumia, nailoni nyembamba ya kufunikia chakula, karatasi ya foili, spiriti kidogo, plaizi ndogo, na waya wa chuma cha pua au shaba wenye unene wa milimita 0.8. Waya wa aluminiamu ni laini mno, uache. Kitu kimoja cha kununua bila kusita ni kipimajoto cha kuweka ndani ya oveni. Usifinyange juu ya meza yenye vanishi, wala usihifadhi udongo mbichi kwenye vikopo vya plastiki ngumu inayong'aa, kwa sababu kilainishi kinaweza kuvilainisha vyote viwili. Mifuko ya kawaida ya nailoni haina shida.

Kukanda, na shida ya joto la Pwani

Kata udongo vipande vyembamba, uvikande kiganjani, uviringishe uwe mrefu, ukunje, usokote, urudie. Umekuwa tayari pale unapoukunja na mkunjo hauonyeshi nyufa. Usiruke hatua hii hata kama udongo unaonekana laini tangu pakitini, maana kukanda ndiko kunakosambaza kilainishi sawasawa, na usiokandwa vizuri huacha sehemu dhaifu ndani. Epuka kufungia hewa unapokunja. Ukiona kijipovu, kitoboe kwa sindano na ukandamize.

Anza na rangi nyeupe, kisha kahawia, mwisho nyeusi, ukifuta mikono vizuri kila unapobadilisha. Nyeusi inachafua kila kitu.

Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar tatizo huwa si ugumu wa udongo bali kinyume chake: unalegea mno, alama za vidole zinabaki na maumbo yanazama. Fanya kazi asubuhi. Weka kigae kwenye friji kwa dakika chache, kikaushe unyevu, kisha kitumie. Ukiona umbo linaporomoka, lipumzishe kwenye friji dakika kumi likiwa ndani ya mfuko. Udongo uliozidi ulaini unaweza kuubana usiku kucha kati ya karatasi mbili nyeupe. Karatasi zitanyonya kilainishi kilichozidi. Feni izime au igeuzie pembeni, kwa kuwa inapeperusha vumbi na nyuzi za nguo, na udongo huu unavishika vyote. Na pakiti usiiache garini kwenye jua, kwa sababu udongo huanza kuivia humo humo na utaukuta umekuwa mgumu na wa kumong'onyoka.

Rangi

Kwa gamba changanya sehemu nne za kahawia na sehemu moja ya nyeusi, lakini nyeusi iongeze kidogo kidogo, maana ukishaipitisha hairudi. Kwa ngozi changanya sehemu nane za nyeupe, mbili za kahawia na moja ya nyeusi. Utapata kijivu chenye joto, kinachokaribia ile ngozi ya vumbi ya kobe wa Changuu. Mimi husimamisha kuchanganya kabla rangi haijawa sawa kabisa. Michirizi hafifu inayobaki kwenye gamba inampa mnyama uhai kuliko rangi moja iliyotulia.

Gamba na waya wake

Viringisha tufe la milimita 19 kwa udongo wa gamba. Liweke kwenye kigae na ulikandamize taratibu mpaka upande wa chini uwe bapa, kisha ulisukume kwa vidole liwe kuba lenye urefu wa milimita 24 hivi na kimo cha milimita 13. Kobe wa Aldabra ana mgongo wa juu, kwa hiyo usilibapishe kupita kiasi.

Sasa waya. Wengi huchomeka skrubu ndogo yenye kitanzi na kutegemea gundi. Inashika kwa muda, halafu siku moja unatoa funguo mfukoni na kobe hayupo. Njia iliyo bora ni kuufunga waya ndani ya mnyama mwenyewe. Kata sentimita 6 za waya, ukunje katikati kuuzunguka mrija wa wino wa peni, shika ncha mbili kwa plaizi na uzisokote mpaka sehemu iliyosokotwa ifikie milimita 13. Utakuwa na kitanzi cha mviringo chenye mkia uliosokotwa na ncha mbili zilizo huru.

Toboa kuba kwa sindano kutoka juu hadi chini, mbele kidogo ya katikati, kwa kuwa kichwa kitaongeza uzito upande huo na tunataka kobe aning'inie sawa. Pitisha mkia wa waya mpaka kitanzi kikae juu ya gamba. Inua kuba, utaona ncha mbili zimetokeza chini. Zitenganishe, moja ielekee kushoto na nyingine kulia, uzikate zibaki milimita 7 kila moja, kisha uzilaze na kuzizamisha kwenye udongo. Sasa waya hauwezi kuchomoka bila gamba lenyewe kupasuka.

Mchoro wa gamba una mpangilio wake na inafaa uufuate. Kobe ana vipande vikubwa 13: vitano katikati ya mgongo kutoka shingoni hadi mkiani, na vinne kila ubavu. Kuzunguka ukingo kuna vipande vidogo vidogo. Panga safu ya katikati ili kitanzi kiangukie kwenye mstari kati ya kipande cha pili na cha tatu; tundu la waya litajificha humo.

Usichore moja kwa moja kwenye udongo, maana sindano huacha kingo zenye chembe za kukwaruza. Tandika ile nailoni nyembamba juu ya kuba, ukipitisha kitanzi kwenye tundu dogo, kisha chora juu ya nailoni kwa mgongo wa sindano, ukikandamiza. Ukiibandua utakuta kila kipande kimepata mabega ya mviringo, kimevimba kidogo katikati, kama kilivyo gamba halisi. Baada ya hapo, bila nailoni, chora kwa wepesi mistari miwili au mitatu inayofuata umbo la kila kipande kwa ndani. Hiyo ndiyo mistari ya ukuaji.

Tumbo, miguu na kichwa

Kwa udongo wa ngozi viringisha tufe la milimita 11 na ulibapishe liwe duara la milimita 20. Hili ni tumbo. Lilaze kwenye kipande cha karatasi juu ya kigae, na usilihamishe tena mpaka kobe aive.

Miguu ni matufe manne ya milimita 7. Kila moja liviringishe liwe kijiti kifupi cha milimita 9, bapisha nusu ya ndani na uilaze kwenye pembe ya tumbo. Nusu ya nje ikunje iangalie chini mpaka iguse karatasi. Kichwa ni tufe la milimita 8. Viringisha upande mmoja kwa kidole upate shingo, bapisha ncha yake, na uilaze mbele. Mkia ni kipande cha milimita 3, hauhitaji maelezo.

Sugua sehemu zote zitakazokutana kwa ncha ya kijiti ziwe na mikwaruzo. Ukiwa na udongo wa polima wa majimaji, unaofanya kazi ya gundi, paka utando mwembamba. Kisha mshushie gamba juu, mikono yako ikishika kingo bila kugusa mchoro, na ukandamize mpaka miguu na shingo vibanwe katikati ya gamba na tumbo. Hapo ndipo nguvu yote ya kipambo hiki ilipo: hakuna kiungo kilichobandikwa tu kwa nje. Inua shingo ili kisogo kiegemee ukingo wa mbele wa gamba, na ukibane hapo kidogo.

Kwa macho, toboa mashimo mawili kwa pini na uingize vijitufe vyeusi vya milimita 1.5 kwa ncha ya sindano iliyoloweshwa. Yaweke pembeni mwa kichwa, si mbele. Wanaoweka macho mbele hupata katuni, jambo ambalo ni halali kabisa, ila si kobe wa Changuu. Mdomo ni mstari mmoja unaopanda kidogo mwishoni. Mikunjo ya shingo ni mistari inayopishana, isiyolingana.

Kabla ya kuoka, mwangalie kwenye mwanga wa dirisha. Nyuzi na vumbi vifute kwa kijiti cha pamba chenye spiriti kidogo. Spiriti hiyo hiyo inafuta alama za vidole.

Kuoka

Fuata pakiti yako. Fimo huokwa kwa nyuzi 110 za Selsiasi, Premo na Sculpey kwa nyuzi 130. Ukichanganya aina mbili, fuata joto la chini na uongeze muda. Kanuni ya kawaida ni dakika 30 kwa kila milimita 6 za unene. Kobe wetu ana milimita 15 pale katikati, kwa hiyo mpe saa moja na robo. Muda kuzidi katika joto sahihi haudhuru kitu. Joto kuzidi ndiko kunakoharibu.

Usiamini namba za kitufe cha oveni. Oveni ndogo za umeme za mezani hupanda na kushuka, na nyaya zake za moto ziko karibu mno na chakula. Weka kigae kitupu na kipimajoto ndani, washa, usubiri dakika 20, na usome joto pale hasa kobe atakapokaa. Rekebisha kitufe mpaka kipimajoto kitulie. Ndipo umwingize kobe, umfunike kwa hema la foili lisilomgusa ili nyaya zisimbabue.

Oka pamoja naye kipande cha majaribio: ukanda wa udongo uleule wenye unene wa milimita 2 na urefu wa sentimita 4. Vikishapoa kabisa, ukunje ukanda huo. Ukipinda na kurudi, oveni yako inafikia joto linalotakiwa. Ukikatika kama biskuti, joto halikutosha. Mrudishe kobe, ongeza nyuzi 5 bila kuvuka kiwango cha juu cha pakiti, na uoke tena. Udongo huu unaweza kuokwa mara nyingi. Hivyo hata umeme ukikatika katikati ya kazi usiwe na wasiwasi. Ukirudi, washa na uanze kuhesabu upya.

Kuhusu njia za mkato: kuchemsha majini hakutoshi. Maji ya Pwani yanachemka kwa nyuzi 100, na Nairobi, kwenye mita karibu 1,800 juu ya usawa wa bahari, yanachemka kwa takribani 94. Maikrowevu haifai kabisa. Sufuria yenye mkaa juu na chini inapika keki vizuri, lakini joto lake halishikiki, na hapa makosa yana gharama: PVC ikiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloraidi, inayochoma macho na koo. Ukiona moshi au ukisikia harufu kali, zima, fungua madirisha, toka na watoto, na urudi hewa ikisafishika. Hata katika joto sahihi, acha dirisha wazi. Kigae na visu vilivyotumika kwa kazi hii visirudi jikoni.

Kobe akitoka oveni atakuwa bado laini kiasi. Usimguse mpaka apoe.

Kumalizia

Tumbo lisugue kwa msasa wa maji namba 600 ndani ya bakuli la maji, vumbi lisiruke. Kisha changanya rangi ya akriliki ya kahawia iliyokoza na maji kidogo, paka gamba lote pamoja na shingo, na ufute mara moja kwa kitambaa. Rangi itabaki ndani ya mistari, na hapo ndipo vipande 13, mistari ya ukuaji na mikunjo vinapotokeza. Hatua hii inachukua dakika mbili na inabadilisha kila kitu.

Vanishi si lazima, ila kwenye funguo inalinda rangi. Tumia ya maji, tabaka mbili nyembamba, isiyong'aa sana. Rangi ya kucha isiyo na rangi usiipake ingawa inapatikana kila duka: viyeyushi vyake hupambana na kilainishi, na baada ya muda kobe atanata. Vanishi nyingi za kupuliza zina tabia hiyo hiyo.

Pete ya kuunganishia ifungue kwa plaizi mbili, ukisukuma ncha moja mbele na nyingine nyuma. Ukizivuta kando mviringo unaharibika na haitafunga tena sawasawa. Ncha zikutane mpaka kucha isipite katikati. Mtoto wa chini ya miaka mitatu asipewe kuchezea, kwa kuwa ukubwa wake unatosha kabisa kumkaba.

Mguu ukikatika baadaye, usikimbilie gundi ya haraka, ambayo hugeuka kavu na kuachia kwenye mtikisiko. Kwaruza pande zote mbili, paka udongo wa majimaji, ubane kwa uzi, toa pete, na umrudishe ovenini kwa joto lilelile kwa dakika 30. Vanishi ya maji inastahimili.